Kaole kwenda na kurudi siku moja: mwongozo wa safari ya gari kutoka Dar

Watoto wakifunga shule, au sikukuu ikikaribia, maswali huwa yale yale. "Tunataka kijiji kidogo kando ya ziwa, tutoke asubuhi turudi jioni. Twende wapi?" Jibu fupi: ziwa la namna hiyo kwa mtu wa Dar halipo. Victoria liko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa kwa barabara, na Nyasa na Tanganyika nayo si ya kwenda na kurudi siku moja. Maziwa ya Rufiji, kama Tagalala na Manze, yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko kuna kiingilio na njia zinazotaka gari la maana, na siku yako moja itaishia njiani. Mindu ya Morogoro ni bwawa la maji ya matumizi ya watu, si mahali pa kupeleka familia kuogelea.

Kwa hiyo ninaowajibu nawaelekeza baharini, na si Coco wala Kigamboni bali Kaole. Ni kijiji kidogo cha wavuvi na wakulima, kilomita kama 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo, chenye mikoko, minazi, mibuyu na magofu ya msikiti wa karne ya 13. Kutoka Posta hadi Bagamoyo ni kilomita kama 70. Barabara kuu ni lami tupu, na hata gari dogo kama IST linafika bila kulia.

Wengi hukosea palepale kwenye kupanga. Wanapanga saa ya kutoka, hawapangi saa ya kurudi. Matokeo yake siku nzima wanafurahi, halafu wanamalizia saa tatu usiku kwenye foleni ya Tegeta, watoto wamelala shingo upande na samaki wananuka kwenye buti. Mwongozo huu unaanzia mwisho wa siku na kurudi nyuma.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

- Leseni hai na bima hai ya gari. Bima siku hizi inaangaliwa kwenye mfumo, kwa hiyo stika pekee haikuokoi.
- Vibao viwili vya pembetatu na mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujaisha.
- Tairi la akiba lenye upepo, jeki na spana ya kufungulia nati. Vyote vitatu, kwa sababu kimoja kikikosekana viwili vilivyobaki havina kazi.
- Maji ya kunywa, angalau lita mbili kwa kila mtu mzima. Ongeza dumu la lita tano la maji ya kawaida kwa ajili ya gari na kunawa miguu.
- Deli au ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya barafu na samaki.
- Fedha taslimu za noti ndogo, na salio kwenye simu. Kiingilio cha maeneo ya serikali mara nyingi hulipwa kwa kontroo namba, lakini mama wa mihogo hana hiyo kontroo namba.
- Kanga mbili tatu za ziada. Utaona kazi yake.
- Dawa binafsi za kila mtu, plasta, na mifuko ya plastiki migumu kwa ajili ya anayetapika na kwa ajili ya taka.
- Chaja ya gari.

Mkeka ni hiari. Mwavuli wa jua pia ni hiari, ila mwenye mtoto mchanga asiuache. Spika kubwa ya muziki iache nyumbani, nitaeleza sababu.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama maji

Watu wa Dar tunaangalia kalenda ya kazi, tukiona Jumamosi ina nafasi basi tumemaliza. Pwani ya Bagamoyo ni tambarare sana, na maji yakipwa yanakwenda mbali mno. Ukifika saa hiyo, mtoto aliyekuja na boya lake ataona tope, mashua zimelala ubavu, na bahari ni mstari huko mbele.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na yanajaa alasiri mnamo saa kumi na kuendelea. Kwa safari ya siku moja hiyo haikufai, kwa sababu bahari inarudi wakati wewe unafunga virago.

Kama una kalenda ya Kiislamu ukutani, tafuta Jumamosi au Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 10 na 13 za mwezi mwandamo, au kati ya 25 na 28. Siku hizo maji huwa yamejaa kati ya saa sita na saa tisa mchana, kwa makadirio. Kisha thibitisha kwa jedwali la maji la Dar es Salaam kwenye simu, halafu ndipo utangaze tarehe kwa wenzako.

Epuka masika, yaani Machi mwishoni hadi Mei. Mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba hukatika katika. Unaweza kwenda ukiwa na roho ngumu. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yangu: kusi inavuma, jua halichomi kwa hasira, na barabara ni kavu.

Mwezi wa Ramadhani nao uufikirie. Kaole na Bagamoyo ni maeneo ya Waislamu wengi, na mchana utapata shida kuona mgahawa ulio wazi. Hata ukibeba chakula chako, kula mbele ya watu waliofunga ni kukosa adabu.

Hatua ya 2: Weka saa ya kuondoka Bagamoyo kwanza

Andika kwenye karatasi: saa tisa na nusu alasiri, magurudumu yanazunguka kuelekea Dar. Si saa tisa na nusu ndiyo tunaanza kutafuta viatu. Jua linazama kama saa kumi na mbili na robo au na nusu, na lengo ni kuwa umeshavuka Bunju na Tegeta kabla ya giza na kabla ya umati wa waliotoka ufukweni.

Sasa rudi nyuma. Ufukweni muda wa saa mbili, hivyo uwe umefika pale saa saba na nusu. Chakula cha mchana muda wa saa moja na zaidi, kwa sababu samaki wa kukaanga haharakishwi. Magofu na kijiji, muda wa saa mbili na nusu, na muda unaobaki ni wa njia na kituo kimoja mjini. Kwa hesabu hiyo unatakiwa uwe Kaole saa tatu asubuhi, na ukitoka mjini uwe barabarani saa kumi na mbili kamili.

Bila foleni ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Mwenge. Hiyo ziada ni ya kusimama kwa chai, mafuta, na yule ndugu mmoja ambaye kila safari anasema "nipo njiani" akiwa bado anaoga. Kwake mpe muda wa uongo: mwambie saa kumi na moja na nusu.

Hatua ya 3: Hesabu watu, kisha mafuta, kisha mchango

Idadi ya watu isizidi viti. Noah ya viti vinane ni watu wanane pamoja na dereva, na mtoto aliyepakatwa ni mtu. Trafiki wanajua kuhesabu.

Mafuta hesabu hivi. Kwenda na kurudi ni kilomita 140, ongeza 20 za kuzunguka, jumla 160. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 13 na kitu. Noah au gari la ukubwa huo likienda kilomita 9 kwa lita, tenga lita 18. Zidisha kwa bei ya siku hiyo. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tuseme lita ni shilingi 2,900: gari dogo lita 14 ni shilingi 40,600. Ongeza robo juu yake, kwa sababu foleni nayo inakunywa.

Mchango ukusanywe kabla ya siku ya safari, wote kwa simu ya mtu mmoja, na huyo mtu asiwe dereva. Dereva aendeshe tu. Tangaza mapema mchango unalipia nini: mafuta, maegesho, viingilio, chakula cha mchana. Samaki wa kupeleka nyumbani kila mtu ajinunulie. Jambo hilo dogo limewagombanisha watu wazima wenye akili zao.

Hatua ya 4: Kagua gari siku mbili kabla, si asubuhi ya safari

Siku mbili zinakupa nafasi ya kumwona fundi. Angalia:

1. Upepo wa matairi yote manne na la akiba. Pima likiwa limepoa.
2. Maji ya rejeta na oili. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi tu.
3. Breki. Ukisikia mlio wa chuma, usisafiri.
4. Taa zote, hasa za nyuma na za kuashiria kona.
5. Waipa na maji yake.
6. Mikanda ya viti vyote. Mikanda ya nyuma kwenye magari mengi ya mjini imemezwa na makochi, ivute itoke.

Pia angalia kama gari lina faini isiyolipwa kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya usajili. Kila kosa la barabarani lina faini yake, na deni la zamani lina tabia ya kujitokeza siku ambayo mna haraka.

Hatua ya 5: Pakia usiku

Kila kitu kiingie kwenye gari usiku isipokuwa chakula na maji baridi. Tairi la akiba, jeki na pembetatu viwe mahali unapoweza kuvifikia bila kushusha mizigo yote. Wengi wanalundika mikeka na ndoo juu ya tairi, kisha pancha inapotokea Kerege wanaanza kutandaza mali zao kando ya barabara kama mnada.

Watoto wale kidogo asubuhi: chapati kavu au mkate, chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Uji mzito na mayai vinapanda juu vikifika matuta ya Boko.

Hatua ya 6: Shika njia inayokufaa

Wa Mwenge, Sinza, Kinondoni na Kariakoo: barabara ya Bagamoyo moja kwa moja, yaani Lugalo, Tangi Bovu, Africana, Tegeta, Boko, Bunju. Ujenzi wa njia ya mwendokasi umeifanya barabara hii iwe na michepuko, na mchepuko wa wiki iliyopita si lazima uwe wa leo. Ndiyo maana nasisitiza saa kumi na mbili.

Wa Kimara na Mbezi Mwisho: msije Mwenge. Piteni Goba, Madale, mtokee Tegeta kupitia Wazo. Wa Gongo la Mboto na Tabata mshike Mandela hadi Ubungo, kisha Sam Nujoma hadi Mwenge, na mtoke mapema kuliko wengine wote. Wa Mbagala na Kigamboni nawapa pole. Kwenu ni saa kumi na moja.

Jazeni mafuta kabla ya kupita Tegeta. Vituo vipo hata mbele, ila kusimama mara moja ni bora kuliko mara mbili, na gari lenye abiria sita kila likisimama linageuka semina ya choo.

Hatua ya 7: Kuanzia Bunju, mguu uwe mwepesi

Ukivuka Bunju unaingia Mkoa wa Pwani: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, kisha Bagamoyo. Barabara inafunguka, upepo unaingia, na dereva anaanza kujiona yuko Formula One. Hapo hapo ndipo vibao vya 50 vinapoanza. Kila penye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na makazi yamefuatana, ukimaliza kijiji kimoja unaingia kingine. Trafiki wa tochi huwa kwenye kivuli, si juani.

Lakini tochi si sababu kubwa. Njia hii ina bodaboda zinazoingia barabarani bila kuangalia, watoto wa shule, baiskeli zilizobeba mkaa, na daladala zinazosimama ghafla kwa abiria mmoja. Shika 50 kwenye makazi na usipite gari kwenye mstari usiokatika. Utachelewa dakika kumi tu.

Ukisimamishwa, teremsha kioo, salimia, toa leseni. "Habari za kazi, afande" inatosha. Usianze kumtaja mjomba wako wa makao makuu. Ukiandikiwa faini, hakikisha umepewa kumbukumbu namba, ulipe kwa namba hiyo, usimpe mtu fedha mkononi.

Hatua ya 8: Kaole kwanza, mji baadaye

Hapa wengi wanafanya kinyume: wanaanza na mji, wanazubaa, wanafika Kaole saa saba jua likiwa utosini. Anza Kaole. Asubuhi magofu yana kivuli, na mtembezaji wageni hajachoka kusimulia.

Ukiacha barabara kuu usitegemee lami. Endesha polepole, na kama mvua ilinyesha usiku uliza kijana wa bodaboda hali ya njia kabla ya kuingia. Yeye ndiye anayejua, ramani ya simu haijui tope. Usiende na gari hadi kwenye mchanga wa ufukweni ili upige picha.

Magofuni lipa kiingilio, chukua risiti, na chukua mtembezaji wa pale. Bila yeye utaona mawe na kuondoka baada ya dakika kumi na tano. Ukiwa naye utaonyeshwa misikiti miwili, makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za kaure kutoka China, kisima ambacho watu wanaamini maji yake hayakauki, na mbuyu mkubwa unaosemwa una umri wa miaka 500. Kuna pia kaburi la Sharifa, na watu wanakuja kuomba dua hadi leo. Usikae juu ya makaburi kupiga picha. Nimeona watu wakifanya hivyo na mzee anaomba dua hatua chache pembeni.

Ukijiuliza bandari ilikwenda wapi, tazama mikoko. Ilisonga ufukwe, tope likajaa, vyombo vikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Mpaka leo ukitoka magofuni kuelekea baharini unakutana na mikoko kabla ya maji, ndiyo maana kuogelea tunakuacha kwa ajili ya ufukwe wa mjini.

Kijijini, kanga zile zina kazi. Kina dada na kina mama wafunike mabega na magoti, na wanaume nao wasitembee vifua wazi. Salimieni. Mzee aliyekaa barazani anapewa "shikamoo" kabla ya kuulizwa njia, na mtoto wako naye aambiwe aamkie. Kupiga picha watu, uliza kwanza. Akikataa, simu irudi mfukoni bila kununa. Msigawe pipi na sarafu kwa watoto wanaowakimbilia. Mkitaka kuacha kitu kijijini, nunueni: madafu, nazi, embe za msimu, mkeka. Pombe na spika kubwa havina nafasi hapa, na kama ni Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu watu wanaelekea msikitini, hivyo sauti zipunguzwe.

Msitembee kwa miguu ufukweni kutoka Kaole hadi Bagamoyo wawili watatu mkiwa na simu na kamera mkononi. Umbali unaonekana mfupi, lakini kuna vipande vya upweke na wasafiri wamewahi kuporwa. Mkitaka kutembea, nendeni na mwenyeji.

Hatua ya 9: Mjini chagua kitu kimoja

Bagamoyo ina mambo ya kukushika siku tatu. Ngome Kongwe ya mwaka 1860. Boma la Wajerumani la 1897, ingawa makao makuu ya koloni yalikuwa yameshahamia Dar tangu 1891. Misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 ukiwa safarini kuelekea Uingereza. Chuo cha sanaa cha TaSUBa. Wageni wa mara ya kwanza wanataka vyote na wanatoka hawakumbuki hata kimoja. Chagueni kimoja, mimi huwapeleka watu Misheni, kwa sababu ya makumbusho na kwa sababu ya kivuli cha miti.

Chakula cha mchana, agizeni mapema. Pigeni simu au piteni mgahawani asubuhi mkielekea Kaole, mseme mko wangapi na mtakula nini. Mkiingia wanane saa sita na nusu bila taarifa mkataka wali wa nazi na samaki wa kupaka, mtakula saa nane, na mpango wote wa saa tisa na nusu umekufa.

Samaki wa kupeleka nyumbani nunueni mwishoni, mkielekea kuondoka, na barafu ikiwa tayari. Pale sokoni ufukweni samaki wanauzwa kwa mnada kwa mafungu, na sauti za wenye soko zinamtisha mgeni. Simameni kidogo msikilize bei mbili tatu kabla ya kufungua mdomo. Macho ya samaki yawe angavu, mashavu ndani yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Muombeni kijana awaparue na kuwatoa matumbo hapo hapo kwa ujira mdogo. Mkiwapeleka nyumbani na magamba yao, mtapigana na paka wa mtaa mzima.

Baharini, mtoto asiachwe na mtoto mwenzake. Mtu mzima mmoja anapangwa kwa zamu kuangalia maji tu, si simu.

Hatua ya 10: Saa tisa na nusu, ondoka

Anzeni kukusanyana saa tisa. Hesabu watu, hesabu viatu, hesabu simu. Dereva awe amekula lakini hajavimbiwa, na awe hajagusa bia. Hili halina mjadala. Anayesinzia akabidhi usukani kwa mwenye leseni mwingine, na kama hayupo, mkapumzike kwenye kivuli nusu saa hata kama ratiba itavurugika.

Kama huna gari

Safari ni ile ile. Mabasi ya Bagamoyo yanapatikana kituo cha Makumbusho. Panda la mapema, shuka stendi ya Bagamoyo, kisha bajaji hadi Kaole. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na ulipe mkisharudi. Bajaji akikuacha Kaole bila makubaliano ya kurudi, utasubiri sana. Kurudi Dar usivuke saa kumi, kwa sababu Jumapili jioni basi linajaa hadi mlangoni.

Mambo yakienda kombo

*Mshale wa joto umepanda.* Zima kiyoyozi, tafuta mahali salama, simama, zima injini. Subiri angalau nusu saa kabla ya kugusa mfuniko wa rejeta. Wanaofungua upesi wanaungua uso. Likishapoa ongeza maji polepole, na kama linapanda tena baada ya kilomita chache, usilazimishe, tafuta fundi.

*Pancha.* Toka kabisa barabarani, weka pembetatu nyuma ya gari kwa mbali, abiria wote washuke upande wa majani. Legeza nati kabla ya kupandisha jeki.

*Gari limenasa kwenye mchanga au tope.* Usikanyage mafuta. Kila ukikanyaga unajichimbia. Shusha abiria, ondoa mchanga mbele ya matairi, weka matawi makavu au mikeka ya gari chini yake, punguza upepo wa matairi kidogo, toka kwa gia ndogo. Vijana watajitokeza kusukuma. Patana nao ujira kabla hawajaweka mikono.

*Mmefika, maji yamekupwa.* Basi mmepuuza hatua ya 1, lakini siku haijaharibika. Badilisha ratiba: nendeni Misheni na sokoni sasa, ufukweni mrudi baadaye. Msiwafuate wenyeji kwenye tope kwenda mbali bila kuuliza saa ya maji kurudi, maana yanarudi kwa kasi kuliko mnavyodhani.

*Mtoto anatapika.* Simama, mpe hewa na maji kwa kijiko, kisha mhamishie kiti ambacho anaona barabara mbele. Simu na katuni zipumzishwe hadi mfike.

*Mtu amepotea sokoni.* Kabla ya kushuka garini wekeni mahali pa kukutana, mfano langoni kwa Ngome Kongwe, na saa. Mitandao ya simu hujaa siku za sikukuu.

*Ajali.* Namba ya polisi ni 112, ya Zimamoto 114. Mueleze aliyepokea uko karibu na kijiji gani na upande upi wa barabara, kwa hiyo mwenzako mmoja awe anasoma vibao njia nzima.

*Foleni imewakuta Bunju hata hivyo.* Msichepuke kwenye vichochoro msivyovijua usiku. Kaeni kwenye mstari, fungueni madirisha, gaweni karanga. Kama kituo cha mafuta kiko karibu na watoto wamebanwa, ingieni kimoja, tulieni hadi saa mbili, kisha mwendelee.

*Deli linavuja maji ya samaki kwenye zulia.* Mwaga soda ya kupikia sehemu iliyolowa ikae usiku kucha, asubuhi fagia, osha kwa ndimu na sabuni, acha milango wazi juani. Na kesho yake hiyo hiyo peleka gari likaoshwe chini kwa maji yasiyo ya chumvi, ili chumvi ya bahari itoke, hata kama kwa juu linaonekana safi.